Tulipopata Mshahara Tukaacha Kutembea

Msikilizaji wangu, nazungumza nawe popote ulipo Karagwe na Kyerwa: Kayanga, Bugene, Nyaishozi, Nkwenda, Isingiro, Kaisho, hadi Murongo kule kwenye daraja la mto Kagera.

Huku kwetu magharibi jua huchelewa. Saa ya Dar es Salaam na saa yetu ni moja, lakini jua lao hutangulia kuchomoza kwa karibu nusu saa. Saa kumi na mbili asubuhi mwenzetu wa Dar ameanza kuona njia, sisi bado tuko gizani na ukungu umejaa mabondeni. Sasa simama katika giza hilo kando ya barabara ya kuingia Omurushaka siku ya soko. Utamsikia mtu kabla hujamwona. Kwanza cheni kavu inayolia, kisha pumzi zake, kisha anatokea mwenyewe: kandambili miguuni, suruali imekunjwa hadi gotini, anasukuma baiskeli ya Phoenix iliyobeba mikungu mitatu ya ndizi, mmoja kulia, mmoja kushoto, wa tatu juu ya keria. Kilima chote anakisukuma. Akifika kileleni anarukia kiti na kuteremka ameminya breki zote mbili, na unyayo mmoja uko tayari kusugua tairi.

Mtu huyo sina la kumfundisha kuhusu mazoezi. Wala simwambii kitu mama aliyeamka saa kumi na moja kwenda kuchota maji bondeni na kupanda nayo kichwani. Huyo anachodai ni bomba karibu na nyumba yake na usingizi wa kutosha. Leo nazungumza na sisi wengine. Mwalimu, karani wa halmashauri, mtendaji wa kata, muuguzi, mwenye duka, mnunuzi wa kahawa, kijana wa bodaboda, na mimi ninayekaa kwenye kiti hiki cha studio. Sisi ndio tuliopata mshahara, au biashara, na siku tulipoupata tukaacha kutembea.

Nasema tukaacha, kwa sababu tulikuwa tunatembea. Mimi nilisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya bonde. Kila asubuhi niliteremka hadi kwenye mto, nikavuka, nikapanda upande wa pili, na nikifika shuleni tunapangwa mistari kwa ajili ya mchakamchaka. Hakuna aliyetuuliza kama tumechoka. Tulikimbia kuzunguka shule na kijiji tukiimba, vumbi hadi magotini, halafu ndipo tunaingia darasani. Sikumbuki mtoto hata mmoja aliyekuwa akihema kwa kupanda ngazi tatu. Miaka ikapita, nikaajiriwa, mshahara wangu wa kwanza wa maana ukaenda kwenye pikipiki. Toka hapo miguu yangu ikawa na kazi ya kubadilisha gia tu. Mkanda ulisogea tundu la kwanza, la pili, la tatu. Watu walinipongeza. Waliniambia nimependeza, mwili haujengwi kwa matofali. Siku nilipopimwa presha, muuguzi alirudia kupima mara tatu kabla hajaniambia.

Naomba nikae hapo kwenye pongezi, maana ndipo ugonjwa wetu ulipoanzia.

Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke aliingia Karagwe kwa miguu akitokea Tabora, akapokelewa na mfalme, Omukama Rumanyika. Katika kitabu chake aliandika kwamba aliwakuta wanawake wa ukoo wa kifalme wakinyweshwa maziwa mchana kutwa, wakanenepa hata wakashindwa kusimama wima. Mmoja wao Speke alimpima mkono. Wasomaji wa Ulaya waliyachukulia hayo kama maajabu, lakini kwa watu wa hapa yalikuwa na maana iliyo wazi: unene ulitangaza kwamba mtu huyu hachungi, halimi, habebi. Waliochunga ng'ombe wale na kukamua maziwa yale walikuwa wembamba na walipanda vilima kila siku. Ufalme ule haupo tena, na hakuna anayemnywesha mtu maziwa kwa fimbo. Lakini mawazo yake tunayo. Mtu akirudi nyumbani kutoka mjini akiwa mwembamba, tunauliza kama anaumwa. Akirudi na kitambi, tunasema mambo yake yamenyooka.

Mwenzake Speke, James Grant, alipatwa na kidonda kikubwa mguuni hapahapa kwetu. Mwezi Januari 1862 Speke aliondoka kwenda Buganda akamwacha, na Grant alikaa Karagwe miezi kadhaa hawezi kutembea, hadi alipobebwa kwenye machela. Speke alipofika kwenye chanzo cha Nile, Grant hakuwa naye, kwa sehemu kwa sababu ya mguu huo mmoja.

Sasa nikupeleke mbali kidogo, kwenye mabasi ya London. Mwaka 1953 daktari aitwaye Jerry Morris alichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi yale yenye ghorofa. Dereva alikaa kwenye usukani zamu nzima. Konda alipanda na kushuka ngazi kutwa akikata tiketi. Basi ni lilelile, barabara ileile, mwajiri yuleyule. Morris alikuta madereva wanapata ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makonda, na konda hata akiupata, hakuwa mwepesi wa kufa mapema kama dereva. Akageukia shirika la posta, akakuta jambo hilohilo: wapeleka barua, waliozunguka kwa miguu na kwa baiskeli, walikuwa salama zaidi kuliko makarani waliokaa ofisini. Kabla ya hapo waganga wengi hawakuwa wamefikiria kwamba kukaa kitini kunaweza kumwua mtu. Morris mwenyewe alifanya mazoezi hadi uzeeni, akafariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Kwa hiyo ninapopita pale stendi ya Kayanga na kuwaona vijana wa bodaboda, nawaona madereva wa Morris. Kijana ana miaka 22, ana nguvu za kubeba gunia, lakini anakaa juu ya kiti saa kumi na mbili kwa siku, siku sita au saba kwa wiki, soda mkononi. Akifika miaka 45 presha inaweza kumkuta palepale. Na hata jina la kazi yake lilikuwa la baiskeli. Bodaboda za kwanza, pale mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda, zilikuwa baiskeli. Waendeshaji waliwavusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka kwa nguvu za miguu yao. Injini ilikuja baadaye ikachukua jina.

Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima atoke jasho walau dakika 150 kwa wiki, za mwendo wa wastani, au nusu yake kwa mwendo mkali. Gawanya: dakika 30, siku tano. Ukiambiwa hivyo unasema huna muda. Nakubali, huna. Hakuna mwalimu mwenye vipindi vya kutosha, shamba la migomba na watoto wanne anayeweza kuongeza nusu saa ya kuruka kamba. Ndiyo maana nazungumzia njia ya kwenda kazini. Ile njia unaipita hata hivyo. Kama unakaa kilomita tano kutoka kituo chako cha kazi, baiskeli itakupeleka kwa takriban dakika 25 au 30, na kurudi vilevile. Siku tatu za kwenda na kurudi zimetimiza dakika zako zote, na hujatenga hata saa moja ya mazoezi. Kisha chukua nauli ya bodaboda unayolipa kwa siku, uzidishe kwa siku za kazi za mwezi. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe, na mke au mume wako akiwa karibu.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 260,000 wa Uingereza. Waliokuwa wakienda kazini kwa baiskeli, hatari yao ya kufa katika miaka ile ya utafiti ilikuwa pungufu kwa asilimia 41 kuliko ya wale waliokwenda kwa gari au basi. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuapa kwamba ni baiskeli peke yake iliyowalinda. Huenda walikuwa watu wanaojitunza tangu mwanzo. Lakini ukiuweka kando ya makonda na wapeleka barua wa Morris, ushahidi wote unaelekea upande mmoja.

Utaniambia: London hakuna vilima vya Karagwe. Ni kweli, na hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa siku ya kwanza. Siku niliyoirudia baiskeli, kilima cha kwanza nilikipanda hadi nusu, nikashuka, nikasukuma. Jirani yangu alinipita kwa pikipiki akapiga honi. Nilidhani nimeshindwa. Baadaye nikaelewa kwamba baiskeli yenye gia moja, nzito namna ile, haikutengenezwa kupanda kilima cha namna hii, na kwamba kusukuma nako ni mazoezi. Mapafu hayajui kama uko juu ya kiti au pembeni. Yule wa mikungu mitatu anasukuma, na moyo wake ni chuma. Baada ya wiki sita nilikuwa nashuka mbele zaidi. Sasa namaliza kilima chote isipokuwa siku za matope.

Kuna mambo machache ambayo mafundi wetu wanayajua na waendeshaji wengi hawayajui. La kwanza ni kiti. Wengi wetu tunakalia kiti kilicho chini mno, magoti yanapanda karibu na kifua, halafu tunasema baiskeli inaumiza magoti. Kaa kitini, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukiendesha kwa kukanyagia sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo tu, na hapo ndipo linapofanya kazi bila kulalamika. La pili ni upepo. Tairi laini ni kilima cha ziada unachokibeba hata kwenye tambarare. La tatu ni cheni: acha kuimwagia oili chafu ya injini, inakusanya vumbi letu jekundu na kugeuka msasa unaokula meno. Futa kwa kitambaa, weka matone machache ya oili safi, futa tena. Na breki, ndugu yangu, breki ziangalie kabla ya kila mteremko. Unyayo kwenye tairi si breki.

Baiskeli inakupa moyo na mapafu, lakini mifupa inataka kitu kingine, inataka kugonga ardhi. Hapo ndipo kukimbia kunapoingia.

Mwezi Septemba mwaka 2025 ulituletea mambo mawili makubwa. Tarehe 15, jijini Tokyo, Alphonce Simbu, kijana wa Singida, aliingia uwanjani katika mbio za marathoni za ubingwa wa dunia akiwa nyuma ya Mjerumani Amanal Petros. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi picha ya mstari wa mwisho itazamwe, na ikaonyesha Simbu ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo. Baada ya kilomita 42, tofauti yao ilikuwa kifua cha mtu kuinama. Siku kumi na tatu baadaye, tarehe 28, mabingwa wa baiskeli wa dunia nzima walishindana Kigali, mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika Afrika. Walipanda na kushuka vilima vya mji ule kwa kilomita zaidi ya 260, Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda, na katika watu zaidi ya 160 walioanza, 30 tu ndio waliofika mwisho.

Kigali, msikilizaji. Ukipima kwenye ramani, Kigali iko karibu nasi kuliko Mwanza. Vilima vilivyowashinda mabingwa wale ni ndugu wa vilima vyetu, mto Kagera tu ndio unaovitenganisha. Migongo ya milima ya Karagwe na Kyerwa inapita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Si Iten ya Kenya wanakojinoa wakimbiaji, iliyo kwenye mita 2,400, lakini hewa yetu tayari imepungua kiasi cha kuulazimisha mwili kufanya kazi. Kuna watu wanaopanda ndege kuja Afrika Mashariki kutafuta mazingira ya namna hii, wakilipia. Sisi tunayatazama kupitia dirisha la ofisi.

Jinsi ya kuanza ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri, na wengi huharibu kwa kukimbia kama wanafukuzwa. Kimbia kwa kasi inayokuruhusu kuongea na mwenzako. Ukishindwa kumaliza sentensi, tembea hadi pumzi irudi, kisha endelea. Wiki ya kwanza kimbia dakika mbili, tembea dakika mbili, kwa nusu saa, siku mbili au tatu. Usiongeze kwa pupa. Moyo huzoea upesi, lakini kano na mifupa huchukua miezi. Na hapa kwetu jihadhari na mteremko kuliko mlima. Mlima unakuchosha, mteremko ndio unaokuumiza, kwa sababu misuli ya mapaja inageuka breki na kila hatua inabeba uzito wako wote. Fupisha hatua, usijiachie. Siku inayofuata mapaja yakiuma, panda baiskeli badala ya kukimbia. Ndiyo uzuri wa kuwa na vyote viwili: kimoja kinapumzisha kingine.

Chakula usihangaike nacho. Ndizi na maharagwe vimewabeba wazee wetu kwenye safari ndefu kuliko zako. Hata ile kahawa ya kutafuna tunayompa mgeni ina maana kwa mkimbiaji: kafeini yake humsaidia mtu kuvumilia mwendo mrefu, na hilo limepimwa mara nyingi. Lakini maji kwanza. Na kama una presha, kisukari, au umepita miaka 40 bila kukimbia hata hatua mia, nenda ukapimwe kabla ya kuanza. Kifua kikibana, simama. Usione aibu.

Kuhusu dada zetu nina neno. Mwanamke akipita na baiskeli katika baadhi ya vijiji vyetu bado watu wanageuka kumtazama, na akikimbia barabarani wanauliza kuna msiba gani. Huko ni kumnyima mtu uhai wake kwa macho. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku, mwalimu wa kike anayekaa mbali na shule, msichana anayetembea saa moja na nusu kwenda sekondari, hao ndio baiskeli ingewafaa kuliko mimi. Baiskeli yenye mlingoti wa chini ipo madukani, sketi haimzuii mtu. Kinachomzuia ni maneno yetu pale kijiweni, na maneno tunaweza kuyaacha leo.

Usalama nao. Kwa kuwa kunapambazuka kwa kuchelewa, usikimbie saa kumi na moja barabarani ukiwa umevaa nguo nyeusi. Jioni zetu ni ndefu. Hadi karibu saa moja bado kuna mwanga, tumia jioni. Kimbia upande unaokabiliana na magari ili uyaone. Baiskeli iwe na taa au walau kiakisi nyuma. Na ninyi mnaokaa jirani na hifadhi za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zilizopandishwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019, mnajua wenyewe kwamba wanyama hawasomi mipaka; kimbieni kwa makundi, na kandokando ya mto Kagera msikimbie kabisa kabla jua halijatoka, kwa sababu kiboko hupanda kula usiku.

Mwishoni mwa mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini. Jumamosi ya pili ingali kwenye kalenda kila mwezi. Haihitaji bajeti. Inahitaji mkuu wa shule atoke na walimu wake, sio wanafunzi peke yao, na mchakamchaka uanze upya kwa watu wazima.

Na kwa wahandisi wetu na madiwani wa halmashauri zote mbili, Karagwe na Kyerwa, nina ombi moja. Barabara ya Kyaka hadi Bugene, kilomita 59, ilipopata lami tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini lami iliongeza mwendo wa magari, na mwenye baiskeli akabaki na ukanda mwembamba wa pembeni. Kila barabara nyingine ya wilaya hizi inapofika zamu yake ya kuwekewa lami, mnapokaa na michoro mezani, ulizeni kabla ya kusaini: yule mtu wa mikungu mitatu atapita wapi? Mita moja na nusu kila upande, iliyotenganishwa na magari, inamtosha yeye, inamtosha mwanafunzi, na inanitosha mimi.

Jumamosi ya pili ya mwezi huu, saa moja kamili asubuhi, jua likiwa limetoka, nitakuwa kwenye uwanja wa Kayanga na baiskeli yangu. Tutakimbia wote nusu saa, kwa kasi ya kuongea, kisha kila mtu arudi kwake. Walio Nkwenda, Kaisho na Murongo, chagueni uwanja wenu, mtupigie simu tuutangaze. Njooni na maji.